Mifano Thelathini Kumhusu Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja kuchunguza kama nina kazi. Alikuwa amesikia kwamba nashinda chumbani na kadi, na kwa macho yake mwanamume mwenye kadi ni mcheza kamari. Alimwambia mke wangu waziwazi: ikifika Jumapili hajaridhika, atamchukua yeye na mtoto wakakae kwake mpaka nipate kazi ya kueleweka.

Kazi yangu ni kuwaandikia Wachina masomo ya Kiingereza. Neno moja, wiki moja. Wiki hiyo lilikuwa 'still', ambalo mara nyingi sisi tungesema "bado". Lina usumbufu wake. Kichina kina neno 'hái', ambalo hubeba "bado" na pia "tena" na "zaidi", hivyo mwanafunzi hatofautishi maana hizo mpaka aone mifano mingi. Kanuni yangu ni mifano thelathini, kila mmoja kwenye kadi yake, na yote ya kweli. Naandika ninachokiona.

Jumapili nilimwalika mwanafunzi wangu, fundi mkuu wa kiwanda cha vigae, aje anitolee ushahidi. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, mikono magotini. Mama mkwe, karani mstaafu wa mahakama, alimuuliza kwa Kiingereza safi wiki hii amejifunza nini.

Mtu huyu hukariri kila kitu. Alisimama, akafumba macho, akaanza na mfano wa kwanza.

"Mama mkwe wangu alisema atakaa siku tatu. Bado yupo."

Mke wangu akaweka birika chini. Nilimkonyeza fundi, lakini konyezo la nini kwa mtu aliyefumba macho? Akaendelea: sahani zimeoshwa, mama mkwe bado anatafuna. Taa zimezimwa, mama mkwe bado anatoa hukumu. Alipomaliza wa kumi na tisa, unaohusu kukoroma, alifumbua macho kuniangalia kama amekosea matamshi.

Hakuwa amekosea hata moja.

Mama mkwe akanyoosha mkono, nikampa kadi. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, akizilaza kifudifudi mezani kama vielelezo vya kesi. Mimi kichwani nilikuwa namfungia mke wangu mizigo.

"Haya yote umeyaandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa siku ngapi?"

"Tano."

Akamgeukia binti yake. "Kazi ipo. Adabu ndiyo sijaiona."

Kisha akamwambia fundi achukue kalamu, kwa kuwa shauri husikilizwa pande zote mbili. Akamsomea polepole aandike: mkwe wangu ana mikono miwili mizima, lakini mlango wa choo bado hauna komeo. Fundi akauliza kwa heshima kama na huo ni wa kweli. Mama akamwambia aende akajionee.

Alikwenda. Aliporudi aliandika kwa kuridhika, akapigia mstari. Mama akaanza wa pili, nami nikaenda kutafuta bisibisi.