Siku Tuliyomrudisha Astley Mwanzo

Kamati ya Siku ya Reggae ya Dawkins Gap ilikutana Alhamisi saa kumi jioni katika darasa la tatu la shule ya msingi. Wajumbe walikalia viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Ratiba ilikuwa na hotuba kumi na moja na wimbo mmoja. Mwenyekiti, Mchungaji Renford Gayle, aliuliza kama wimbo hauwezi kufupishwa kidogo, maana mbunge ni mtu wa shughuli nyingi.

"Mchungaji, hii ni siku ya muziki," alisema katibu, Bi Icilda Fearon.

"Ndiyo maana tumeuweka, dada yangu."

Bi Icilda alikuwa na miaka sitini na minane na hakuwa na haja ya ukatibu wa mtu. Aliuchukua kwa ajili ya kaka yake, Astley, mwenye miaka sabini na minne, goti bovu, meno ya bandia na chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Astley alikuwa ameimba wimbo mmoja ambao dunia nzima inaujua. Unamhusu mama yao, Bi Etta, akiteremka mlimani na ndoo ya maji kichwani, na jina la mama limetajwa humo mara nne. Kwenye santuri, pale panapoandikwa mtunzi, pameandikwa E. Whorms. Bwana Egbert Whorms, mwenye studio kule Kingston, hakuwahi kumwona Bi Etta wala ndoo yake, lakini karatasi ni karatasi.

Mwaka huu Bwana Whorms alitimiza miaka tisini na mitatu na akatoa hema, kwa hiyo kamati ikamfanya mgeni rasmi na mlezi wa wasanii wote wa parokia, yaani wilaya, ya Saint Thomas. Bi Icilda hakupinga. Alimwandika kwenye ratiba "neno fupi" na akaenda kwake mara mbili kumwomba neno lenyewe liwe moja tu: kwamba wimbo ni wa Astley. Aliseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kabla mmoja wao hajafa. Bwana Whorms aliahidi kulifikiria.

Jumamosi mchana uwanja wa shule ulijaa hadi kwenye uzio wa mabati. Supu ya mbuzi ilichemka. Mbunge alisema reggae ni dhahabu yetu, akaondoka kabla haijapigwa. Bwana Whorms, kwenye kiti chake cha magurudumu, alimshukuru Mungu, marehemu mkewe, na masikio yake mwenyewe, ambayo alisema hayajawahi kumdanganya. Astley hakutajwa. Bi Icilda alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika ile sentensi. Akaifunga kalamu.

Ndipo dijei Tuffy akaweka santuri, na Astley akapewa kipaza sauti aimbe juu yake kwa sauti yake ya mkwaruzo.

Kwetu wimbo mtamu haumalizwi. Watu wanapiga mabati, na dijei akisikia mabati lazima aurudishe mwanzo, asipofanya hivyo atahesabiwa mtu asiye na adabu. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, uzio mzima ulikuwa ukinguruma. Tuffy akarudisha. Astley naye akarudi nyuma miaka kumi na mmoja. Goti lilinyooka, akaiweka fimbo chini.

"Mzee amepata nafuu," alisema mama mmoja kwenye foleni ya supu, akasogea mbele.

Mabati yakapigwa tena. Mara ya pili nywele zilirudi. Mara ya tatu meno yaliota na kuyasukuma yale ya bandia, naye akamkabidhi dada yake ayatunze. Mara ya nne suruali ilimpwaya. Mara ya tano alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na Tuffy alipoteremsha sindano santuri ilikwaruza tupu, kwa sababu wimbo ulikuwa bado haujarekodiwa. Bwana Whorms hakurudi nyuma hata siku moja. Yeye hakuwamo katika wimbo ule ila kwa maandishi.

Basi Astley akauimba mwenyewe, bila ala, kwa sauti ambayo Bi Icilda hakuwa ameisikia tangu utotoni. Jina la mama lilipotajwa, dada mtu alilia waziwazi. Hakuna aliyepiga mabati, maana dijei hakuwa na cha kurudisha.

"Kijana," aliita Bwana Whorms, "nani katunga huo?"

"Mimi, bosi."

Uwanja mzima ulisikia. Ilikuwa ndiyo sentensi yenyewe, ila imetoka katika kinywa kisichohesabiwa. Wazee wengine hutembea na dawa za presha mfukoni. Bwana Whorms alitembea na mkataba. Akautoa, akaukunjua juu ya boneti ya gari lake.

Bi Icilda alipenya katikati ya watu, akamshika kaka yake mkono.

"Usitie sahihi, Astley."

"Samahani mama, tunajuana?"

"Mimi Icy."

Astley akacheka, bila kumdharau. "Icy ni mdogo wangu, mama. Ana miaka kumi na mitatu, yuko nyumbani anaosha vyombo. Ukimwona mwambie nikirudi namletea viatu vya shule."

Viatu hivyo Bi Icilda alikuwa akivisubiri kwa miaka hamsini na mitano.

"Hutarudi na viatu," alimwambia. "Utarudi na goti bovu. Watakuibia jina, na mimi ndiye nitakayekupikia uji."

"Mama, tangu jana sijatia kitu tumboni, na huyu mzee ana gari na studio. Unataka nimwambie aje kesho?"

"Ndiyo! Mwambie aje kesho!"

"Kesho ataenda kwa mwingine." Akatia sahihi, herufi kubwa kubwa, ulimi nje. Mchungaji Gayle akasaini kama shahidi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Gari likaondoka nao wawili kuelekea Kingston kabla ya hotuba ya kumi, na Bi Icilda akabaki amesimama na meno ya kaka yake ndani ya kitambaa.

Jumatatu kamati ilikutana kufanya tathmini. Ilionekana siku ilifana. Tuffy aliripoti kwamba santuri imerudi kuimba vizuri na maandishi yako palepale, E. Whorms, ila wino bado mbichi na umemchafua vidole. Mjumbe mmoja alikumbusha kuwa Astley, aliyekusudiwa kuenziwa, alikuwa ameondoka kabla ya kuenziwa.

"Hakuna haraka," alisema Mchungaji Gayle. "Kijana ana miaka kumi na tisa."

Ikaazimiwa kwa kauli moja kwamba Astley Fearon aenziwe rasmi atakapotimiza miaka sabini na minne. Bi Icilda aliuliza ni nani atakayekuwepo siku hiyo kumtetea.

"Dada yangu, wewe andika," alisema mwenyekiti.

Akaandika.