Mkebe wa Wakesho

Mkebe wa maziwa wa Wakesho ulikuwa umepasuka mara ya tatu, tena palepale, na Jeconia, fundi wa kuchomelea, alipomwona mwenyewe anavuka barabara akiubeba, alifurahi kabla hajajizuia.

"Baba Sheila, umevuja tena," Wakesho akasema, akajitafutia nafasi kwenye benchi la karakana.

Mjini Voi hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Binti yake Sheila mwenyewe alikuwa Nakuru na simu zake zilikuwa fupi. Mama Sheila walishamzika Kakamega. Wateja wengine walimwita fundi, wakasimama nje mpaka kazi iishe. Wakesho, muuza maziwa kutoka Mraru, alikaa. Alionja chai ya Jeconia, akasema ni maji ya mtaro, akaimwaga, akapika nyingine. Alisimulia habari za ng'ombe wake mmojammoja kama anayesengenya majirani.

Mara ya kwanza alipouchomelea mkebe huo haikuwa dhambi. Waya mzuri wa kuchomelea, wenye titani kidogo, ulikuwa umeisha, akatumia wa alumini tupu. Alumini ikipoa bila titani, chembe zake huota ndefu kutoka pande zote mbili mpaka zikutane katikati ya mshono, na hapo hubaki ufa mwembamba unaongojea barabara mbaya. Titani ikiwemo, chembe huwa ndogo, zikashikana kama ugali uliosongwa vizuri.

Mara ya pili waya mzuri ulikuwepo. Jeconia alimsikiliza Wakesho akicheka, akafikiria wiki nzima ya kuongea na mashine, mkono ukaenda kwenye waya mbaya. Watu wangedhani ni mapenzi. Wapi! Alitaka tu mtu wa kumwambia chai yake ni mbaya.

"Hoteli ninakopeleka maziwa wamesema sakafu ikilowa tena wanatafuta mtu mwingine," Wakesho alisema sasa, na hakucheka. "Na huko Mraru wananiambia nikuache, eti kuna kijana Mwatate anachomelea vizuri. Nikawaambia hamjui mnachosema. Baba Sheila ni fundi. Shida ni huu mkebe wangu, umezeeka."

Roho ilimsuta Jeconia mpaka masikio yakapata moto.

Akasaga mshono wote wa zamani, akachukua waya mzuri. Alienda taratibu. Mwishoni hakuondoa moto ghafla kama mara zile. Aliupunguza kidogo kidogo huku akilisha waya, mpaka kile kishimo kinachobaki mwishoni mwa mshono kikajaa. Wakesho akatia maji, akapapasa chini, mkono ukatoka mkavu.

"Haki nimepona!" akasema. "Sasa hutaniona hapa tena, nimekusumbua vya kutosha."

Hapo ndipo angemwambia aje tu, hata mkebe ukiwa mzima. Ni maneno machache na hayana gharama.

"Nenda salama, mama," akasema.

Alimwona tena baada ya muda, ng'ambo ya barabara, akiutua mkebe mlangoni pa hoteli. Wakesho alimpungia mkono kwa furaha, akaubeba mkebe wake akaingia ndani. Jeconia akakodolea macho saruji pale ulipokuwa umekaa, akitafuta hata tone moja. Palikuwa pakavu, na Mungu amsamehe, moyo ulimuuma.