Kadi ya Mwanangu

Mashine ya kituo cha basi niliipa kadi kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa kumpa mtu yeyote kitu, nikaishikilia hapo nikingoja iniitikie. Ikalia. Nikaendelea kungoja. Ikalia tena, ikawasha taa nyekundu, na lango dogo likanibana tumbo.

"Umegusisha mara mbili, mama," alisema mhudumu wa dirishani. Beji yake iliandikwa Ridwaan. Niliisoma bila kusitasita, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, maana miaka mitatu nyuma ningeona mistari tu. "Mara ya kwanza umeingia, mara ya pili umetoka. Kadi imejifunga."

"Lakini sijaenda popote, mwanangu."

"Mashine inasema umeshafika."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nne kamili milango ya ukumbi wa chuo ingefungwa, na anayechelewa habishi hodi. Kifungua mimba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Keptauni, amesoma jioni kwa miaka saba, na leo alikuwa anavishwa joho. Kila mhitimu alipewa nafasi ya mgeni mmoja. Yake alinipa mimi, pamoja na kadi yake ya basi ya wiki nzima. "Mama," aliniambia, "nitakapopanda jukwaani nitaangalia kiti chako kwanza." Ndiye aliyenichokoza hata mimi nikajiandikisha masomo ya jioni kule kijijini, katika chumba cha nyuma cha kanisa. Kila Alhamisi alinipigia simu kuniuliza mwalimu ametufundisha nini.

Leo simu yake ilikuwa imezimwa. Dirishani kadi mpya zilikuwa zimeisha, na mabasi haya hayapokei pesa mkononi.

"Hii naweza kuifungua," alisema Ridwaan. "Ni ya nani?"

"Ya mwanangu. Ameniazima."

"Hamna shida, wa familia wanaruhusiwa. Nitajie tu jina lake."

Hapo ndipo nilipokwama. Mwanangu alipewa jina la babu yake, yaani baba mkwe wangu. Na kwetu mke wa ukoo hataji jina la baba mkwe, awe anaota jua uani au amelala kaburini. Kwa hiyo tangu mtoto akiwa kwenye nepi mimi namwita Mzee.

"Anaitwa Mzee," nikasema.

Ridwaan akabonyeza kompyuta. "Hapa hakuna Mzee."

"Tafuta vizuri."

"Mama, nimetafuta. Hili ni jina lingine kabisa." Akanikazia macho. "Hebu niambie ukweli. Kadi hii umeiokota?"

Bwana wangu, nikaomba, njia nzima nimekuja nikiimba nyimbo zako. Usiniache nikamatwe kwa wizi nikiwa nimevaa blauzi nyekundu na kofia nyeupe ya umoja wa akina mama wa kanisani.

Nyuma yangu foleni ilikuwa imerefuka. Mwanamke mwenye sare ya uuguzi akasogea mbele. "Kaka, usimwonee. Bila shaka hilo ni jina la mkwewe, na kwa mila yetu hawezi kulitaja."

"La mkwe au la mtoto?"

"La wote wawili."

"Basi leo tutalala hapa."

"Mama, wewe tikisa kichwa tu," alidakia mwanamume mwenye sanduku la vifaa vya kazi. "Ni Luvuyo?"

Nikatikisa kukataa.

"Themba!" alipaza mwingine.

"Themba wapi, mwangalie huyu mama. Huyu mwanawe ni Sizwe."

"Sizwe ni wewe, unataka kila mtu awe Sizwe?"

Foleni nzima ikaingia kwenye mchezo. Basi likaja, likaondoka, wala hawakulitazama. Mwishowe yule wa sanduku akalitaja lenyewe, kwa sauti kubwa. Nikaitikia kwa kichwa mpaka kofia ikateleza. Watu wakapiga makofi.

"Hapana," akasema Ridwaan. "Mmelitaja ninyi. Kanuni inasema alitaje aliyeshika kadi. Kesho mwizi atakuja na kwaya yake."

"Una roho ngumu wewe!" muuguzi akamwambia.

"Nina watoto, dada, na kazi naitaka." Kisha akanigeukia, akapunguza sauti. "Mama, mkwe wako yuko wapi?"

"Alifariki miaka kumi na tisa iliyopita."

"Sasa kutoka huko atakusikia?"

"Hukumfahamu. Alikuwa anasikia sufuria ya jirani ikifunuliwa."

Saa ya ukutani ilisoma saa tatu na nusu. Nilikiona kiti changu kitupu, na mwanangu akikiangalia. Nikafumba macho. Bwana, nionyeshe. Na wazo likaja taratibu, kama yajavyo kwangu mambo ya darasani. Wale bibi waliotuachia mwiko huu, hakuna hata mmoja aliyejua kuandika. Mdomo waliufunga. Mkono hawakuutaja.

"Nipe karatasi na kalamu," nikasema.

Foleni ikajisogeza kuchungulia. Nikaandika kama mwalimu anavyotaka, herufi kubwa mwanzoni, nyingine zikikaa juu ya mstari. Jasho lilinitoka. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Ridwaan akatazama karatasi, akatazama kompyuta, akatazama tena karatasi. "Herufi kwa herufi," akasema. Akabonyeza kitu, kadi ikafunguka. "Sasa gusisha mara moja, mama. Moja!"

"Naomba kwanza karatasi yangu."

"Ya nini tena?"

"Siwezi kumwacha baba mkwe kwenye pipa lako la taka."

Nikagusisha mara moja, nikauondoa mkono haraka kama ninayeogopa jiko la moto. Foleni ikashangilia.

Nilifika ukumbini nikihema, mlinzi wa kike akiwa tayari ameshika kitasa. Akaitazama tiketi yangu ya mgeni. "Haraka, mama. Umekuja kwa ajili ya nani?"

Nikampa karatasi. Akaisoma, akalitafuta jina kwenye orodha yake, kisha akaniangalia kwa huruma. "Mama, wewe ni bubu?"

"Ni leo tu, mwanangu," nikamjibu, nikaingia.

Kiti changu kilikuwa safu ya sita. Walipolitangaza lile jina mbele ya watu wote, nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu akaziba sikio. Lakini vigelegele vilikuwa vimejaa ukumbi mzima, na mwanangu alikuwa ananitafuta upande usio wangu. Nikasimama juu ya miguu yangu iliyovimba, nikaita kwa nguvu zote:

"Mzee!"

Wenye mvi wote wa safu ya mbele waligeuka. Na yule niliyemtaka, jukwaani, na joho lake refu, akageuka pia.