Ulanzi wa Bwana Klementi

Mimi mtu asiyeweza kunitajia ukoo wake simpi hata kaa la moto. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomtazama Bwana Klementi.

Alikuwa mweusi kama sisi, ila alizaliwa kisiwani, ng'ambo ya bahari, akaletwa na Waingereza kupigana na Wajerumani. Vita vilipoisha hakurudi. Alianzia Makambako, akipasua mbao kwa mikono yake, na mwaka ule mfalme mpya wa Waingereza alipovikwa taji tayari alikuwa na malori matatu. Alisema babu zake walichukuliwa utumwani na hakuna aliyekumbuka walikotoka. Mimi nikaona hayo ni maneno ya mtu anayeficha jambo.

Kisha ikatangazwa kanisani Njombe kwamba atawasomesha ukunga wasichana sita, bure, katika hospitali ya misheni. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Idda wangu. Alifurahi hadi akashindwa kula. Rahisi ghali, walisema wahenga, bure je?

Bwana Klementi akawaita wazazi uani kwake, akamimina ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mtamu wa siku hiyo, akatupa sisi kwanza. Yeye hakuugusa. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Hata mtoto analijua hilo. Nilimwaga wangu kando ya ukuta. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wenzangu kwamba huyo ni chinjachinja, anataka damu ya binti zetu. Nilisema kwa uhakika kabisa, maana nilikuwa na hasira.

Idda alilia siku mbili. Ijumaa, lori la kuwapeleka wasichana likiwa la kuondoka kesho yake, nikaenda peke yangu kumkabili. Nilimwamkia "Kamwene", kwa kuwa adabu ni adabu. Akamimina tena, akaninyooshea kikombe tena.

Sikukipokea. "Bwana Klementi, kwa nini huonji kwanza? Umetia nini humu?"

Alikishusha kikombe. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Mama Idda, nilikokulia mimi, mwenye shamba la miwa alikunywa kwanza. Sisi tulipewa masalia. Niliapa mgeni wangu hatakunywa masalia."

Akanywa nusu ya kikombe, akanipa. Nikanywa nikiona aibu hadi masikioni.

Jioni ile nilizirudia nyumba zile zile, nikiyafuta maneno yangu. Wengine hawakunikaribisha ndani. Rafiki yangu Tabea, ambaye binti yake Zipora alichaguliwa pia, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu Klementi amenipa nini.

Jumamosi lori liliondoka kwenda Makambako. Idda alikaa peke yake kwenye benchi lililotengwa kwa wasichana sita. Watano walibaki Njombe, kwa sababu mama zao waliniamini mara ya kwanza.