Mwenyekiti wa Vurugu

Eliud alikuwa mzee wa kanisa, tena mzee wa saa na ajenda. Kwa muda mrefu aliwaombea watoto wa wenzake wasipotee, mpaka binti yake mwenyewe, Alma, alipoacha kanisa na kumfuata Eris, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale anayependa vurugu. Katika dini hiyo kila muumini ni Papa, na Ijumaa wanakula soseji ndani ya mkate kwa sababu amri yao wenyewe inaikataza mikate hiyo. Eliud alipoelezwa alifoka, akakemea mapepo. Alma akaacha kupokea simu zake.

Nyumba yake ya Rissne, kitongoji cha Stockholm, ikamshinda kwa ukimya. Ijumaa moja akafunga tai, akapanda treni hadi Rågsved, kitongoji kingine, walikokutana waumini hao. Alijiapiza kwamba hatakemea mtu wala kumwaibisha mtoto. Shida ni kwamba hakujua namna nyingine ya kuingia kikaoni.

Vijana, Alma akiwa kati yao, walikuwa wamekaa sakafuni wakipaka haradali. Yeye akasimama, akasema kwa Kiswidi:

"Bwana asifiwe! Kabla hatujaendelea, mwenyekiti ni nani?"

"Sote," akajibu Tiana, mwenye nyumba.

"Na katibu?"

Wakacheka. Eliud, maskini, akadhani amependwa. Akapendekeza ajenda: maombi ya kufungua, utambulisho, na mengineyo. Akaomba kila Papa ataje jina lake na aseme aliokoka lini.

Tiana alicheka hadi machozi. "Alma, baba yako ni kiboko! Sijaona mtu anayewaigiza wazee wa kanisa hivi!"

Hapo ndipo Eliud alipoelewa, masikio yakamwaka moto. Kumbe maisha yake yote, pamoja na tai, yalikuwa kichekesho, na yeye ndiye pekee ambaye hakuambiwa. Akamtazama Alma. Alma alijua kwamba baba yake hatanii. Akilisema hilo tu, amemmaliza.

Alma akaweka soseji chini, akaja kukaa kando yake.

"Mimi ndiye katibu," akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye kwa miaka mingi alimjibu babake kwa Kiswidi tu. "Baba, fungua kwa maombi."

Eliud akafumba macho. Mtu aliyezoea kuomba mpaka chai ipoe alisema "asante" tu.

Mapapa wote wakaitikia amina.