Neno la Watu Kumi na Mmoja

Watahiniwa walikuwa kumi na wawili. Kumi na mmoja kati yao waliandika neno lile lile, na neno hilo halipo.

Swali la saba la mtihani wa majaribio lilidai kisawe cha "mhifadhi". Nilitarajia "mlinzi" au "mtunzaji". Nilitarajia pia mapengo mawili matatu, kwa kuwa wanafunzi wangu huponda mawe tangu alfajiri na huingia darasani wamechoka. Sikutarajia "mchunzi". Karatasi ya kwanza niliiwekea alama ya kosa. Ya pili hivyo hivyo. Nilipofika ya tano niliweka kalamu chini, nikafungua kamusi. Halikuwamo. Nikafungua kamusi ya pili. Halikuwamo.

Jibu sahihi likiandikwa na darasa zima, mwalimu hufurahi. Kosa moja likiandikwa na watu kumi na mmoja, kosa hilo lina mwenyewe.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Paskalina. Yeye aliandika "mtunzaji", kwa mwandiko ulionyooka, bila kufuta.

Kituo chetu ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kikundi cha wachimbaji, hapa Rwamgasa. Nafundisha watu wazima waliokatiza shule. Paskalina ana miaka thelathini na sita. Aliolewa kabla ya kumaliza darasa la saba, akazaa, akaachika, akaja machimboni. Anataka kufika chuo cha uuguzi, na hatua ya kwanza ni mtihani wa maarifa wa mwaka huu. Darasani huniita Mwalimu. Nje ya darasa mimi humwamkia shikamoo na kumwita Mama Noela, kwa sababu amenizidi miaka tisa.

Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili, kama ilivyo kwangu. Kwa hiyo nilikuwa nimewafundisha njia moja tu ya kutafuta visawe. Neno geni lisikutishe. Liondolee kiambishi cha mbele, liondolee cha nyuma, utaukuta mzizi. Kisha uliza: ni mizizi gani mingine inayofanya kazi kama hii? Ivishe viambishi hivyo hivyo, uone kinachotokea. Njia hiyo waliipenda. Sikuwahi kujiuliza walikuwa wanaitumia wapi.

Ilikuwa Jumamosi, na mchana huo huo alikuja Mwigulu, mratibu wa vituo vya watu wazima. Aliegesha pikipiki, akakaa, akapitia karatasi moja moja kwa utulivu ulionitia wasiwasi.

"Aliyepata ni nani?" aliuliza.

"Paskalina."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi ndiye. Anayegawa majibu ya uongo hubaki na la kweli."

"Agawe majibu ya uongo ili apate nini?"

"Nafasi. Sifa. Sijui, Mwalimu, mwanafunzi ni wako." Alirudisha karatasi mezani. "Jumatatu saa nne napeleka Geita majina ya watakaofanya mtihani wa maarifa. Uniletee maelezo yanayoingia akilini. Usipokuwa nayo, jina lake nalikata kwa udanganyifu, na hatapokelewa tena katika kituo chochote ninachokisimamia."

Alipoondoka nilijiuliza maswali ambayo nilipaswa kujiuliza mapema. Maswali ya mtihani niliyatunga Jumanne. Nakala nilizitoa Alhamisi kwa Sufiani, mfanyabiashara aliyehamia hapa kutoka Isaka na mashine yake ya fotokopi. Mtihani ulifanyika Ijumaa. Kama karatasi ilivuja, ilivujia dukani kwa Sufiani au ndani ya begi langu. Nilianza na Sufiani.

"Karibu, Mwalimu! Leo wino upo."

"Alhamisi ile karatasi zangu zilibaki hapa kwa muda gani?"

"Zibaki? Ulisimama hapo hapo ukizihesabu kama askari wa mpakani. Hata ile iliyokwama ikachanika uliichukua, vipande vyote."

Ilikuwa kweli. Vipande vile vilikuwa bado kwenye begi.

"Kwa hiyo leo mimi mwizi?" aliuliza.

"Sijasema hivyo."

"Mdomo haujasema. Macho yamemaliza kesi, yamenifunga na miaka mitatu." Alicheka, lakini hakufurahi. "Waulize wanafunzi wako. Kila Jumatano na Jumapili wanapigiana kelele za maneno huko mwaloni mpaka wateja wangu hawasikii simu. Mimi nilidhani ndiyo masomo."

Jumapili saa tisa alasiri nilikwenda mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu. Mashine zilikuwa zimezimwa. Wanafunzi wangu walisimama katika safu mbili, matope hadi magotini, wakitazamana. Nilielewa kabla sijaambiwa, kwa sababu mimi ni Msukuma, mzaliwa wa Mhunze. Usukumani ngoma huchezwa na pande mbili zinazoshindana, Wagalu na Wagika, na kila upande hutaka kuuaibisha mwingine mbele ya watu. Hawa hawakuwa na ngoma. Walikuwa wanashindana kwa somo langu.

Nkwabi, mwendesha pampu na mtahiniwa mwenzao, alikuwa mwamuzi. Alitupa mzizi katikati kama mtu anayetupa fimbo.

"Jenga!"

"Mjenzi!" walijibu Wagalu.

"Ujenzi!" Wagika.

"Jengo!"

"Jengeka!"

"Ndugu wa nje?" Nkwabi alidai, yaani kisawe kutoka mzizi mwingine.

"Unda! Muundaji!" alipaza Apolonia, kiongozi wa Wagika, mikono kiunoni.

Nkwabi alihesabu kwa vidole hadi tano. Hakuna aliyepinga. "Limepita!"

"Wabeja!" walishangilia Wagika, wakijipongeza kwa Kisukuma.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yao. Neno lisipopingwa kabla ya kidole cha tano, limekuwa neno. Upande unaoshindwa huuchotea upande wa pili maji ya kuoshea mawe kwa wiki nzima.

Apolonia aliniona. "Mwalimu, umekuja kucheza au kutufukuza?"

"Nimekuja kuuliza. 'Mchunzi' lilitoka wapi?"

Ningeuliza habari za harusi nisingepata furaha kama ile. Wagalu waliruka wote.

*"Anayelinda, mlinzi! Anayetunga, mtunzi! Ng'ombe wangu nani? Mchunzi, mchunzi!"*

"Ndilo lililotumaliza Jumatano," alisema Apolonia kwa uchungu. "Nkwabi alitupa 'linda', akadai ndugu wa nje."

"Nilitupa hilo kwa sababu mlinzi wa pampu yangu alikuwa amelala," Nkwabi alieleza.

"Na aliyelitoa 'mchunzi' ni nani?"

"Ningi wetu huyo!" alisema Zamoyoni wa Wagalu, akimaanisha mtunzi na kiongozi wa upande wao. Alimwonyesha Paskalina. "Kichwa hicho, Mwalimu, si cha kupondea mawe!"

Wote waliimba tena. Paskalina hakuimba. Alikuwa anatazama ndoo.

Nilimfuata kwenye pipa la maji.

"Shikamoo, Mama Noela."

"Marahaba." Aliinua macho. Alijua kwamba salamu hiyo haikuwa ya mwalimu.

"Ulijua kwamba neno hilo halipo."

Alisugua matope mkononi kwa muda mrefu kuliko matope yenyewe yalivyohitaji.

"Nilijua. Jumatatu nililiunda kwa njia yako. Tunga, mtunzi. Chunga, mchunzi. Nikalitafuta kwenye kamusi ya darasani. Yupo mchungaji, yupo mchunga. Mchunzi hayupo. Jumatano tulikuwa tunazidiwa, nikalitoa. Nilidhani Apolonia atapinga. Nkwabi akafika kidole cha tano, kimya."

"Na Ijumaa ukawaacha wenzako waliandike."

"Mwalimu, wewe ulisimama mlangoni ukasema: atakayegeuza shingo namchania karatasi. Ningewaambia kwa njia gani?"

"Na baada ya mtihani?"

"Wagika walikuwa tayari wanatuchotea maji," alisema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kushinda kitu, Mwalimu. Nilitaka wiki moja tu."

Nilimweleza maneno ya Mwigulu. Nilimwambia kwamba jina lake lingekatwa kesho saa nne kama hangesema haya mbele ya wote. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia wala hakuahidi. "Watanicheka hadi nihame hapa," alisema.

Nilirudi nyumbani bila kumwamini kabisa. Maelezo yake yalikuwa yamekaa sawa mno: mzizi wake, kiambishi cha mbele, kiambishi cha nyuma. "Mchunzi" nalo lilikuwa limekaa sawa. Na begi langu lenye maswali lilikuwa limebaki darasani Jumanne nzima. Nililipekua tena. Sikuona dalili yoyote, na kutoona dalili hakukunituliza.

Jumatatu saa tatu watahiniwa wote walikuwa darasani. Mwigulu alikaa mezani kwangu, orodha ya majina mbele yake, kalamu ikiwa imelala sambamba na jina la nne, lile la Paskalina. Nilisema kwamba Paskalina ana jambo. Kwa dakika nzima sikujua kama angesimama.

Alisimama. Alisema yote, taratibu, bila kujitetea: Jumatatu, kamusi, Jumatano, kidole cha tano.

Kisha Apolonia alilipuka.

"Siku nne! Paskalina, siku nne nimebeba ndoo kwa neno la hewa! Mume wangu ananiuliza nimeajiriwa lini na Wagalu!"

"Apolonia, nisamehe."

"Nisamehe inabeba maji? Inabeba?"

Wagalu hawakumtetea. Walikuwa na hasira kuliko Wagika.

"Ungetuambia sisi wa kwako!" alifoka Zamoyoni. "Mimi nimeliandika kwenye mtihani! Nimemwandikia hata shemeji yangu wa Isaka, nikamwambia awe mchunzi mwema wa watoto!"

"Nyamaza, wewe uliimba kupita wote," alisema Apolonia.

"Niliimba kwa sababu lilipita!"

Nkwabi aligonga dawati. "Ushindi wa Jumatano umefutwa. Wagalu mtachota maji wiki mbili. Na ningi hana uningi."

"Tutachota," alisema Paskalina. Alikuwa bado amesimama.

Nilijaribu kuwanyamazisha. Mwigulu alinizuia kwa mkono. Aliwatazama kwa makini, uso mmoja baada ya mwingine, kama alivyozitazama karatasi.

"Hawakulipanga hili," aliniambia kwa kunong'ona.

"Umejuaje?"

"Watu walioiba pamoja wakibanwa husogeleana. Hawa wanataka kumpiga."

Hata hivyo hakuwa amemaliza. Alimwelekea Apolonia. "Mama, wewe ulikuwa upande wa pili. Ulikuwa na vidole vitano. Kwa nini hukupinga?"

Apolonia alitazama dirishani.

"Nilidhani lipo," alisema hatimaye. "Nikaona nikiuliza, watajua kwamba mimi ndiye nisiyelijua."

Hakuna aliyemcheka. Niliangalia safu zote mbili, nikaona watu kumi wakitazama sakafu.

Mwigulu alichukua kalamu. Karatasi kumi na moja zilibaki na kosa katika swali la saba, kama zilivyostahili. Majina yote kumi na mawili yalibaki kwenye orodha. Alisaini chini, akaikunja, akaiweka kwenye begi la kifuani. Paskalina aliketi kwa uzito, kama mtu aliyetua gunia la mawe, na hapakuwa na mtu aliyetaka kuketi karibu naye.

Nilimsindikiza Mwigulu hadi kwenye pikipiki.

"Wewe kwenu ni Mhunze," alisema akivaa kofia. "Mgalu au Mgika?"

"Mimi sichezi ngoma."

"Sijauliza kama unacheza. Nimeuliza upande." Alifunga mkanda wa kofia. "Maana Jumamosi ulimtetea Paskalina kwa haraka kidogo."

Nilimwambia kwamba saa nne ilikuwa inakaribia. Aliwasha pikipiki bila kuondoa macho kwangu, akashika njia ya Geita.