Ruhusa za Ussi

Asubuhi ile Zuena alikuwa anakunywa chai ofisini Kibiti, macho kwenye kompyuta, akitazama kazi ya programu aliyoitunga mwenyewe. Chama chao cha wanunuzi wa kaa kilikuwa na vituo Nyamisati na Ruaruke. Zamani kila mfanyakazi alipoajiriwa, alipohamishwa au alipoacha kazi, Zuena ndiye aliyehangaika kubadili kanuni za mtandao, kituo kimoja kimoja. Siku hizi hagusi kitu. Ofisi ya utumishi ikiandika badiliko, programu inalipata na kufanya yote papo hapo: nani aingie, nani azuiwe.

Ukapita mstari mmoja, akaweka kikombe chini.

Ussi Saadi, Nyamisati. Ruhusa zote zimefutwa. Sababu: amefariki.

Aliusoma tena na tena. Muda si mrefu uliopita alikuwa ameongea na Ussi, mpimaji kaa wa kituo hicho, wakicheka habari za kaa aliyeng'ang'ania suruali ya mteja. Akampigia simu yake ya kazini, haikuita. Akampigia Sadala, karani wa utumishi, naye hakupokea, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Akawaza kumpigia Tasnim, mke wa Ussi, lakini akashindwa. Je, kama Tasnim bado hajui?

Akapanda bodaboda kwenda Nyamisati. Kilichomchoma ni kwamba programu yake ilikuwa imeshamwondoa Ussi kazini kabla yeye hajasikia mtu yeyote akisema Inna lillahi.

Alipofika gatini alimkuta Ussi amesimama mlangoni pa kituo, simu ya kazini mkononi, kakunja uso. Akaanza kulalamika hata kabla ya salamu: mtandao umekata, mizani haitumi uzito, simu haipigi wala haipokei, wateja wamemjia juu.

Zuena akaketi juu ya tenga tupu. Ndipo alipong'amua kwa nini simu haikuita. Simu za kazini zilipita kwenye mtandao uleule, na programu ilikuwa imemfungia Ussi kila kitu.

"Kwenye mtandao wewe umekufa," akamwambia.

Ussi alicheka mpaka akashika ukuta. Zuena naye akacheka, huku machozi yanamtiririka.

Hapo simu ya Zuena ikaita. Alikuwa Sadala, yuko hospitali Mchukwi. Aliomba radhi kwa sauti iliyochoka: alipopata habari ya kifo aliandika harakaharaka ili awahi hospitali, akabonyeza jina silo. Aliyefariki ni Ussi Haidari, mlinzi wa ghala la Ruaruke.

Mzee huyo alikuwa mjomba wa Ussi Saadi, ndugu wa mama yake, na jina la Ussi lilitoka kwake. Wao wawili waliitana somo.

Ussi alikuwa bado anawasimulia wachukuzi kwamba amefufuka. Zuena akamshika mkono, akamvuta kando.

"Kaka yangu, msiba upo kweli," akasema. "Ni somo yako. Amefia Mchukwi asubuhi hii."

Kicheko kilikuwa hakijamtoka Ussi usoni.

"Nilimwambia nitakwenda kumwona Ijumaa," akasema, na akachuchumaa palepale mchangani.

Zuena aliketi naye mpaka alipoweza kusimama, kisha wakaenda Mchukwi pamoja. Mzee alizikwa jioni ileile.

Siku iliyofuata Zuena alimrudishia Ussi ruhusa zake, akaibadilisha programu. Habari ya kifo sasa itasubiri hadi mtu ampigie mtu simu, waulizane, wathibitishe. Ruhusa za mzee zilikuwa bado hai, maana hakuna aliyekumbuka kuzigusa. Zuena alizifuta kwa mkono wake, polepole, kituo kimoja kimoja.